Chapa ya Mukate

Mara nyingi hostia inabeba alama ya musalaba. Alama ile inatoka kwa chuma. Zamani Ulaya, watawa walimwaga uji wa unga wa ngano na maji katikati ya vyuma viwili vya moto, vilivyochongwa alama. Kwa mufano wa vyuma vile watu walitengeneza vya kupikia gofri.

Katanga yetu pia ilijua kalibu. Mbele Wazungu hawajafika, mafundi walimwaga shaba iliyoyeyuka wakapata misalaba. Lakini ile ilikuwa mali ya biashara na mahari, haikumtangaza Kristu.

Basi, alama peke yake haitoshi. Mukate wa ngano usio na chapa unafaa kwa Misa. Unga wa muhindi, hata ukipigwa chapa nzuri, haufai. Wakatekista, fundisheni hivyo.