Mbuzi wa muhako na karatasi ya serikali: nani alilipia usalama wa parseli Butembo na Beni

Parseli ikiuzwa Butembo au Beni, mashariki mwa Kongo, mnunuzi ndiye anayefungua mfuko tena na tena. Akishamaliza bei, bado kuna haki ya mashahidi, haki ya shefu wa mtaa, ada za komini, gharama za wapimaji wa kadasta, na mwishoni, kama pesa haijakwisha, hati ya usajili. Muuzaji hupokea chake akaenda. Kesho akitokea mtu wa tatu na kusema kiwanja kile kilikuwa cha babu yake, mnunuzi ndiye anayepanda ngazi za mahakama. Wengi huuita mpango huu desturi ya mababu. Naona sivyo. Katika desturi ya Wanande, wenyeji wa huku, aliyetoa ardhi alibaki nyuma yake kama mdhamini. Mzigo huo ulihamishiwa kwa mnunuzi polepole, kwa sheria zilizomwondolea mtoaji wajibu bila kumweka mwingine mahali pake.

Tuanze na muhako. Katika vilima vya Lubero na Beni, ardhi ilishikwa na koo zilizofyeka msitu kwanza, na wakuu wao wakawagawia wengine sehemu za kulima. Aliyegawiwa alirudisha muhako, mara nyingi mbuzi au sehemu ya mavuno. Ni rahisi kuuona kama kodi ya pango tu. Lakini malipo yale yalikuwa na upande wa pili: mkuu aliyepokea mbuzi mbele ya watu, pombe ya ndizi, kasiksi, ikipita mkono kwa mkono, alikuwa amekiri hadharani kwamba shamba lile ni la fulani. Akija mwingine kudai, mkuu huyo ndiye aliyeitwa kusema, na majirani waliokula naye walikuwapo kumkumbusha. Mlipaji alinunua ulinzi, na mpokeaji alidaiwa ulinzi huo. Kuna atakayesema ninapamba unyonyaji, kwa kuwa wapo waliofukuzwa shambani kwa kukosa mbuzi, na wapo wakuu waliotajirika kwa jasho la wengine. Ni kweli, na muhako haukuwa sadaka. Ninachodai ni kimoja: kulikuwa na mtu anayejulikana jina na nyumba, ambaye ungeweza kumwuliza.

Dola Huru ya Kongo ilikuja na njia nyingine. Amri ya tarehe 1 Julai 1885 ilisema ardhi tupu ni ya Dola, na usajili ukafuata mfano wa Robert Torrens wa Australia Kusini, ambako tangu 1858 daftari la serikali ndilo lililofanya mtu awe mwenye mali. Sheria ya mikataba ya 1888, iliyochota kwa Wafaransa na Wabelgiji, iliweka mambo mawili kando kwa kando: gharama za hati ni za mnunuzi isipokuwa wamekubaliana vingine, na muuzaji anawajibika mnunuzi akinyang'anywa. Kipande cha kwanza kilishika mizizi mjini, cha pili kikasahaulika. Kisha ikaja sheria ya Bakajika ya 1966, iliyorudisha mikononi mwa Dola ardhi zilizogawiwa enzi za ukoloni, na baada yake sheria ya tarehe 20 Julai 1973, iliyosema udongo wote ni wa Dola, hauuziki wala haupotei kwa kupita muda. Ardhi za jamii za vijijini nazo ziliingizwa humo, haki zao zikiachiwa amri ya Rais ambayo haikutolewa. Hapo ndipo pengo lilipofunguka. Mwami, yaani mkuu wa kimila, hakuwa tena na mamlaka kisheria juu ya alichoendelea kukigawa, kwa hiyo hakuweza kushikwa kikamilifu kama mdhamini. Dola, iliyojitwalia umiliki, haikufika kilimani kudhamini.

Butembo ilikua ndani ya pengo hilo. Mji uliozaliwa karibu na shughuli za kampuni ya madini ya MGL ukapanda vilima kwa nguvu ya wafanyabiashara wake, na kila mtaa mpya ulikuwa juzi shamba la mtu. Watu walijitengenezea kinga kwa walichokuwa nacho. Siku ya mauzo mipaka hutembelewa kwa miguu, jirani wa kila upande akisimama kwenye pembe yake. Karatasi husomwa kwa sauti, kisha anatia sahihi muuzaji, mke wake, mtoto mkubwa, na asiyejua kuandika anaweka kidole. Sahihi ya mke na mtoto ndiyo yenye uzito, maana inawafunga wale ambao kesho wangeweza kudai. Mihuri ilibadilika, ya Zaire, ya Kongo, ya waasi wa RCD-ML waliotawala hapa hadi 2003, lakini majirani walibaki walewale.

Wapo wanaosema dawa ni bima ya hati kama Marekani. Bima hiyo ilizaliwa Pennsylvania: mwaka 1868 mahakama iliamua, katika kesi ya Watson na Muirhead, kwamba mnunuzi aliyepoteza pesa kwa ushauri mbaya juu ya hati hana wa kumlipa, na mwaka 1876 kampuni ya kwanza ikafunguliwa Philadelphia. Huko anayelipia hutegemea desturi ya mahali, kwingine muuzaji, kwingine mnunuzi. Lakini kampuni ile huuza utafiti kwanza, na utafiti unahitaji daftari la umma lisilo na mashimo. Sheria ya bima ya 2015 iliondoa ukiritimba wa SONAS, kampuni ya bima ya serikali, nchini mwetu, ila soko huru haliwezi kupekua daftari ambalo halijaandikwa. Huko huko Marekani, jimbo la Iowa lilikataza bima ya kampuni, na tangu 1985 dhamana ya hati inatolewa na chombo cha serikali yenyewe. Mfano huo unatufaa zaidi.

Pingamizi zito ni kwamba muuzaji wetu ni maskini, anauza kwa ajili ya hospitali au karo, na kumtwisha dhamana ni kumwonea. Ila analipa tayari: kiwanja chenye shaka huuzwa kwa bei ya shaka. Tena tangu mauaji yalipoanza Beni Oktoba 2014, familia nyingi zimekimbia na kuuza kwa haraka, na mashahidi wametawanyika hadi Butembo, Goma na Uganda. Kinga ya majirani haiwezi kushika mahali ambapo majirani wamehamishwa kwa mapanga. Kwa hiyo sehemu ya ada zinazotozwa kila parseli inapobadili mikono iwekwe kwenye hazina ya fidia, kama ile ambayo Torrens aliifunga kwenye daftari lake tangu mwanzo, na muuzaji achangie sehemu ndogo kutoka kwenye bei. Dola iliyosema mwaka 1973 kwamba udongo wote ni wake ndiyo ya kwanza kuulizwa mtu anapofukuzwa katika nyumba aliyoinunua kwa haki.