Mashujaa wa Wayunani na Shujaa wa Lualaba

Ukipita jioni katika mitaa ya Kalemie, siku umeme unapokuwapo, utawakuta watoto wamekusanyika mbele ya kioo kidogo cha simu, vichwa vimegusana. Mara nyingi hutazama mpira, mara nyingine vita. Lakini siku hizi wako pia wanaotaja majina ya Zeu, Poseidon na Medusa kwa urahisi kuliko majina ya babu zao. Wazazi wametuuliza: je, si dhambi mtoto Mkristo kutazama habari za miungu ya wapagani? Swali ni jema, nasi twataka kulijibu kwa njia ya historia, maana jambo hilo ni la zamani kuliko wanavyodhani.

Tuanze na hizo habari zenyewe. Aliyeziandika ni Rick Riordan, aliyekuwa mwalimu wa shule huko Marekani. Darasani alifundisha masimulizi ya Wayunani, na nyumbani alikuwa na mwana aliyetaabika sana kusoma, kwa maana herufi zilimchanganya. Usiku kabla ya kulala mtoto alidai kusimuliwa habari za miungu na mashujaa. Za kale zilipokwisha, baba akabuni mpya. Ndivyo alivyozaliwa Percy Jackson, kijana wa miaka 12, mwana wa mwanamke wa New York na wa Poseidon, mungu wa bahari. Kitabu cha kwanza, habari ya radi ya Zeu iliyoibwa, kilitoka mwaka 2005. Nasi tuliguswa na jambo hili: yale yale yanayomfanya mtoto adharauliwe shuleni, yaani kutotulia na kushindwa kusoma, ndani ya kitabu yamegeuzwa kuwa alama ya ushujaa. Percy hawezi kusoma vizuri kwa kuwa akili yake imeumbwa kwa Kiyunani cha kale! Baba alimtungia mwanawe dawa, na watoto wengi wa dunia wakainywa pamoja naye.

Sinema hazikumtendea vema mara ya kwanza. Ile ya mwaka 2010 ilimgeuza Percy kuwa kijana mkubwa wa kuendesha gari, ikamwacha nje Kronos, ambaye ndiye adui mwenyewe wa kitabu. Ya pili ikafuata mwaka 2013, na ya tatu haikutengenezwa. Mwandishi hakuficha uchungu wake. Desemba 2023 ulipoanza mfululizo mpya wa televisheni, naye safari hii akiwa mmoja wa watungaji wake, mtoto alirudi kuwa mtoto. Annabeth, binti wa Athena, alichezwa na msichana mweusi, Leah Jeffries. Alipotangazwa mwaka 2022 watu walimtukana kwa rangi yake, hata Riordan akasimama hadharani kumtetea. Sisi tulijiuliza tu: hao waliokasirika, Athena walimwona lini?

Sasa juu ya miungu. Kusanyiko letu la kwanza la Wakristo lilikua katikati yao. Huko Listra watu walimdhani Barnaba kuwa Zeu, na Paulo kuwa Herme, kwa sababu ndiye aliyekuwa msemaji. Wakaleta mafahali wawachinjie, mitume wakararua mavazi yao. Hata hivyo Paulo huyo huyo, aliposimama Areopago, alitumia neno la mtunga mashairi wa Wayunani. Tena alipotoka Malta kwenda Roma alipanda merikebu yenye alama ya wale mapacha wawili, wana wa Zeu, wala hatusomi kwamba alikataa kupanda. Baadaye Klementi wa Aleksandria alimtaja Odiseo aliyefungwa mlingotini ili asivutwe na nyimbo za mauti, akamlinganisha na Mkristo aliyeshikamana na mti wa Msalaba. Naye Mtakatifu Basili, askofu wa Kaisaria katika karne ya 4, aliwaandikia vijana waisome mitungo ya wapagani kama nyuki wanavyozuru maua: huchukua kinachofaa, kingine hukiacha. Na kama wanakili Wakristo, wamonaki wengi wakiwa kati yao, wasingalinakili vitabu vya Homeri kwa mkono karne baada ya karne, Bwana Riordan angalikuwa na nini cha kumsimulia mwanawe? Kwa wazazi wenye hofu twaongeza hili: katika kitabu cha kwanza, mwalimu Chiron anamwambia Percy kwamba habari ya Mungu Mwenyewe ni jambo jingine kabisa, wala hataligusa.

Basi si kutazama kwenyewe kunakotusumbua. Hofu yetu iko mahali pengine.

Percy amepewa jina la Perseo. Perseo huyo alikuwa mjukuu wa mfalme aliyeogopa kuuawa na damu yake mwenyewe; akamtia binti yake na kitoto ndani ya sanduku, akawatupa baharini. Wazee wa Kiluba wakisikia hayo hawatashangaa. Wao wanaye Nkongolo Mwamba, mfalme mwekundu, mkali, aliyekula mbele za watu bila haya. Alikuja kwake mwindaji kutoka mashariki, Mbidi Kiluwe, mtu wa adabu, aliyejificha alipokula. Mgeni huyo akaishi na dada zake Nkongolo, kisha akarudi kwao. Dada mmoja, Bulanda, akamzaa Kalala Ilunga. Mtoto akakua kwa mjomba, akawa mwepesi wa mchezo na wa ngoma, hodari vitani, na kila alipomshinda mjomba wake, chuki ilizidi. Mwisho Nkongolo akachimba shimo, akasimika mikuki ndani, akalifunika kwa mkeka, akamwita mpwa wake aje acheze hapo. Lakini mpiga ngoma alijua. Akaipiga ngoma yake kwa namna iliyosema, na kijana akaelewa onyo lile. Akaruka, akatoka, akakimbia mpaka Lualaba. Huko aliwaagiza wenye mitumbwi wasimvushe yeyote atakayemfuata. Akafika kwa baba yake, akarudi na jeshi, Nkongolo akauawa, na ufalme mpya ukaanza.

Mto huo ni ule ule unaopita Kongolo na Kabalo, huko reli ya kutoka kwetu Kalemie inakofika tangu mwaka 1915. Masimulizi hutofautiana kijiji kwa kijiji, kama ya Wayunani yalivyotofautiana mji kwa mji. Mjomba mwenye hofu, baba aliye mbali, kijana anayevuka maji: hayo yote tunayo. Tunachokosa ni wanakili.

Walikuwapo wachache. Padri Colle, wa Mapadre Weupe, alichapisha kitabu kikubwa juu ya Waluba mwaka 1913. Hata kabla yake, mwaka 1910, Stefano Kaoze, Mtabwa wa upande huu wa ziwa, akiwa bado mseminari, alianza kutoa katika gazeti la Ubelgiji maandiko yake juu ya fikira za Wabantu. Alipewa upadri mwaka 1917 huko Baudouinville, yaani Moba ya leo, akafa hapa Kalemie mwaka 1951. Aliona kwamba mambo ya wazee yanastahili wino, tena hakupoteza imani yake kwa sababu hiyo. Lakini maandiko hayo ni ya Kifaransa, nayo yamelala katika maktaba za mbali. Na huko Marekani, tangu mwaka 2018, Riordan amewafungulia mlango watungaji wengine walete mashujaa wa mataifa yao. Wa India wamekwisha kuingia, hata Anansi wa Afrika ya Magharibi. Kalala Ilunga bado yuko ng'ambo ya mto.

Kwa hiyo twawaomba wasomaji wa Manono, Kabalo, Kongolo, Nyunzu na Moba: mwenye mzee nyumbani anayejua habari hii, amketishe, aandike kama anavyosimulia, bila kusahihisha, hata kama haipatani na yetu. Aandike pia jina la kijiji na mwaka. Daftari ziletwe parokiani. Tena mwulizeni mzee jina la yule mpiga ngoma, maana tumekwisha kusikia zaidi ya moja.