Taa ya Num Lock

Hapa Kalemie tumezoea historia ya reli na ya ziwa. Leo naleta historia ya taa moja ndogo ya klavie, juu ilinikulia hesabu za msimu muzima.

Ilikuwa kwa biro moja ya hapa mjini (jina naliacha). Ordinateri ya zamani, klavie AZERTY, taa zake tatu zote zilikufa. Nilikuwa naingiza kilo za mihogo za mashamba ya upande wa Lukuga. Mnajua AZERTY: tarakimu za juu zinaomba ushikilie Maj, kwa hiyo mwenye hesabu nyingi anatumia vitufe vya kuume tu. Macho yangu yalikuwa kwa karatasi. Num Lock ilikuwa imezimika. Basi 8 ikapandisha, 2 ikashusha, na ile nukta, kumbe njo Suppr! Kila nukta ilifuta sanduku moja la hesabu za msimu uliopita. Nikaweka faili bila kuangalia, nikafunga. Karatasi za msimu ule zilikuwa zimelowana na mvua tangu zamani.

Hapo nikaanza kutafuta: nani aliweka kazi mbili katika kitufe kimoja, na programu inajuaje kitufe kiko katika hali gani?

Mashini ya kuandika ya zamani haikuwa na shida hiyo. Kitufe cha herufi kubwa kilibaki chini, kidole kinakisikia. IBM PC ya 1981 ilikuwa na vitufe 83, bila mishale ya pekee. Mishale ilikaa kwenye tarakimu, na Num Lock ikachagua. Taa hazikuwako. Klavie ile ilituma habari tu, mashini haikuweza kuirudishia neno. Hali yenyewe iliandikwa katika kumbukumbu ya mashini, baiti moja, adresi 1047: 16 ni Scroll Lock, 32 ni Num Lock, 64 ni Caps Lock. Mwenye kujua BASIC alielekeza programu kwa segmenti 0, akasoma PEEK(1047), kiisha akachambua: 96 ni Num na Caps pamoja. Wajanja waliandika pale pale, Num Lock ikawaka bila mtu kugusa klavie. Lotus 1-2-3 ya 1983 ilimuonyesha mtu NUM na CAPS chini ya ekrani, na mimi naona hiyo ilikuwa heshima kwa mtumiaji.

Taa zilikuja na IBM AT ya 1984, wakati mashini ilipata njia ya kuiamuru klavie. Lakini angalieni: taa haijui kitu, inawaka tu juu imeambiwa. Ikifa, hali inabaki ndani. Windows inaiuliza kwa GetKeyState, biti ya chini kabisa. Kwa mashini za Unix zenye X ni kazi zaidi: Num Lock haina mahali pamoja, programu inaitafuta kati ya Mod1 na Mod5.

Nilirudi mashambani kuomba hesabu upya. Mama mmoja alikumbuka magunia, si kilo. Niliandika magunia, kwa kalamu.