Mamlaka ya mtumiaji katika mifumo endeshi ya simu janja

Mamlaka ya mtumiaji katika mifumo endeshi ya simu janja ni uwezo wa mwenye simu kuamua programu zipi zikae ndani ya simu yake, nani asome taarifa zake na mfumo upi uiendeshe. Nchini Tanzania suala hili linaihusu zaidi Android, mfumo wa chanzo huria unaoendesha simu janja nyingi zinazouzwa kuanzia Kariakoo hadi minada ya vijijini. Leseni ya mfumo huo ni huria, lakini simu inapofika mkononi mwa mnunuzi uhuru huo huwa umekwisha kupungua sana. Kati ya leseni na mnunuzi wamo mtengenezaji, Google, kampuni ya mkopo, mamlaka ya mawasiliano na fundi, na kila mmoja wao ana uwezo juu ya simu ambao mwenyewe hana.

Historia

Kampuni ya Android ilianzishwa Palo Alto, California, mwaka 2003 na kununuliwa na Google mwaka 2005. Mfumo wake ulitangazwa Novemba 2007, na simu ya kwanza kuutumia, HTC Dream, ikatoka mwaka 2008. Afrika Mashariki iliufahamu kwa upana mwaka 2011, Safaricom ya Kenya ilipouza Huawei Ideos kwa takriban shilingi 8,000 za Kenya. Kabla ya hapo simu zenye uwezo wa kuongezewa programu zilikuwa hasa Nokia za Symbian na BlackBerry.

Baadaye Transsion ya Shenzhen, China, iliyoanzishwa mwaka 2006, ililiteka soko la bei nafuu kwa majina matatu: Tecno, Itel na Infinix. Simu zake zilijibu mahitaji ya wanunuzi wa Afrika ambayo wakubwa wengine waliyapuuza: laini mbili, betri inayodumu na kamera iliyorekebishwa kwa ajili ya ngozi nyeusi. Mwaka 2011 kampuni hiyo ilifungua kiwanda cha kuunganisha simu nchini Ethiopia, na mwaka 2019 ikaingia katika soko la hisa la Shanghai.

Leseni na msimbo

Android ina tabaka tatu. Kiini chake ni Linux, chenye leseni ya GPL toleo la 2, inayomlazimu anayesambaza simu kutoa msimbo wa kiini hicho kwa aliyepewa simu na kuudai. Juu yake ipo Android yenyewe, ambayo sehemu kubwa ina leseni ya Apache 2.0. Leseni hii humruhusu mtengenezaji kubadili msimbo na kuyaficha mabadiliko yake. Tabaka la juu ni huduma za Google: duka la Play, Ramani, Gmail na Huduma za Play. Hizo msimbo wake umefungwa, na mtengenezaji huzipata kwa mkataba tu.

Uzito wa tabaka hilo la tatu ulionekana Mei 2019, Marekani ilipoiwekea Huawei vikwazo. Kampuni hiyo iliendelea kuwa na haki ya kutumia Android huria kama mtu mwingine yeyote, lakini simu zake mpya zilikosa huduma za Google, na nje ya China mauzo yake yakaporomoka. Julai 2018 Kamisheni ya Ulaya ilikuwa imeitoza Google faini ya euro bilioni 4.34 kwa masharti iliyowawekea watengenezaji wa simu, likiwemo la kuweka programu zake kabla ya simu kuuzwa. Mwaka 2022 Mahakama Kuu ya Umoja wa Ulaya iliipunguza faini hiyo hadi euro bilioni 4.125. Nafuu iliyotokana na uamuzi wa Kamisheni iliishia Ulaya.

Mwenye simu anayetaka kuondoka kabisa katika mfumo wa kiwandani anaweza kuweka LineageOS, mfumo huria uliozaliwa Desemba 2016 baada ya CyanogenMod kusitishwa. Sharti la kwanza ni kufungua programu inayoamsha simu kabla ya mfumo endeshi. La pili ni kuwepo kwa msimbo wa aina hiyohiyo ya simu. Orodha ya LineageOS ina simu nyingi za Xiaomi, Samsung, Motorola na Google, ilhali za Transsion, ambazo ndizo zilizojaa mifukoni mwa Watanzania, ni kama hazimo. Mlango uliofunguliwa na leseni haumfikishi mbali mtu wa kipato cha chini.

Programu za kiwandani

Tecno hutoka kiwandani na sura ya Android iitwayo HiOS, na Infinix na XOS. Humo huwa zimetangulia programu kama duka la Palm Store, kivinjari cha Phoenix na Boomplay ya muziki. Baadhi ya programu za kiwandani huweza kuzimwa tu, bila kuondolewa, na katika simu yenye hifadhi ya GB 16 au 32 nafasi zinayokula ni hasara ya kweli kwa aliyeinunua.

Tukio zito zaidi liliwekwa wazi Agosti 2020. Kitengo cha Secure-D cha kampuni ya Upstream kilieleza kwamba simu za Tecno W2 zilizouzwa Ethiopia, Kamerun, Misri, Ghana na Afrika Kusini zilikutwa na programu hasidi za Triada na xHelper, ambazo ziliwaandikisha wenye simu katika huduma za kulipia bila ridhaa yao na kumaliza salio lao. Kuirudisha simu katika hali ya kiwandani hakukuiondoa xHelper. Transsion ilisema chanzo kilikuwa mzabuni mmoja katika mnyororo wa ugavi. Walioumia ni wanunuzi wa simu za bei ya chini kabisa, watu wasio na namna ya kuona kinachoendelea ndani ya kifaa walichokilipia.

Ruhusa na mikopo ya mtandaoni

Hadi mwaka 2015 aliyeweka programu ya Android alikubali ruhusa zote kwa mkupuo au aliikosa. Android 6.0 ilileta utaratibu wa kuomba kila ruhusa peke yake: kamera, mahali, majina ya simu, ujumbe. Kwa Tanzania badiliko hilo lilikuja kuwa na maana kubwa zaidi katika mikopo ya mtandaoni, ambayo wananchi wameiingiza katika kundi la mikopo kandamizi iitwayo kausha damu. Baadhi ya programu hizo zilichukua orodha ya majina yaliyomo katika simu ya mkopaji, na alipochelewa kulipa, ndugu, wakwe na wakuu wake wa kazi walitumiwa ujumbe wa kumdhalilisha. Mwaka 2023 Google ilizipiga marufuku programu za mikopo katika duka lake kusoma majina na picha za mtumiaji. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni.

Ruhusa ina nguvu pale tu mtu anapoweza kuinyima. Anayehitaji fedha za matibabu usiku huohuo hana nafasi hiyo.

Simu za mkopo

Julai 2020 Safaricom na Google walianzisha Lipa Mdogo Mdogo, mpango wa kununua simu ya Android kwa shilingi 20 za Kenya kwa siku. Asiyelipa, simu yake hufungwa kutoka mbali. M-KOPA ya Nairobi, iliyoanza na sola, inatumia utaratibu wa aina hiyo katika simu, na simu za mkopo zinauzwa Tanzania pia. Mpango huu umewapa simu watu ambao wasingeweza kuilipia kwa mara moja. Hata hivyo, programu ya kufungia huwa na nguvu kuliko mtumiaji, na hadi deni liishe mwenye simu hana sauti ya mwisho juu yake.

Namba za IMEI

Usiku wa tarehe 16 Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilizima simu zisizokidhi viwango, kwa kutumia rejesta ya IMEI, namba inayoitambulisha kila simu. Wananchi walikuwa wameelekezwa kubonyeza *#06# ili kuiona namba hiyo na kuituma kwenda 15090. Kenya ilikuwa imetangulia mwaka 2012. Mwenye simu hana njia halali ya kujiondoa katika rejesta hiyo, hata akibadilisha mfumo mzima.

Mafundi simu

Uhuru wa Android umewafikia Watanzania wengi kupitia kwa fundi simu. Kwa kompyuta moja na waya, fundi huflashi simu iliyogoma (huiwekea mfumo upya), huondoa programu zilizokataa kutoka na hutoa loki. Kazi inayojirudia ni ile ya ulinzi wa Google uliokuja na Android 5.1 mwaka 2015: simu ikirudishwa katika hali ya kiwandani, hudai akaunti ya awali. Ulinzi huo hukatisha tamaa wezi, lakini pia humfungia nje mnunuzi ambaye barua pepe yake ilifunguliwa na muuzaji dukani na nywila hakuambiwa. Mafundi hao hao hutengeneza na huhuisha simu ambazo watengenezaji wamekwisha kuzisahau, na mchango wao haujaandikwa kwa kiasi unachostahili.

Programu zenyewe husambaa kwa Xender, programu ya kurushiana mafaili, kutoka simu hadi simu, bila bando na bila duka.

Vitochi na KaiOS

Huduma za fedha kama M-Pesa, iliyoanza Tanzania mwaka 2008, hupatikana kwa *150*00# katika simu yoyote, hata kitochi cha vitufe. Mwaka 2019 Vodacom ilileta Smart Kitochi yenye KaiOS, mfumo uliotokana na Firefox OS ya Mozilla. Juni 2024 WhatsApp iliondolewa katika duka la KaiOS.

iPhone

Mfumo wa iOS umefungwa. Tangu Machi 2024 Apple inaruhusu maduka mengine ya programu katika Umoja wa Ulaya, lakini si Tanzania.

Lugha

Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika wa Sweden ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili Desemba 2004. Ulithibitisha mapema kwamba msimbo ulio wazi humwezesha msemaji wa lugha kujitafsiria bila kungoja kampuni. Android nayo ina Kiswahili.

Kilimatinde

Umuhimu wa fundi wa karibu huonekana katika miji kama Kilimatinde, mji mdogo wa Ugogo ukingoni mwa Bonde la Ufa, katika wilaya ya Manyoni, mkoa wa Singida. Kwa miji ya aina hii, iliyo mbali na maduka makubwa, simu inayoweza kuhuishwa na fundi wa karibu ina thamani kubwa kuliko ile inayomlazimu mwenyewe kusafiri.

Hali ya sasa

Machi 2025 Google ilihamishia kazi yote ya kuiandika Android ndani ya kampuni, msimbo ukitolewa toleo linapokamilika. Agosti mwaka huohuo ilitangaza kwamba waandishi wa programu watapaswa kujitambulisha kwake hata kama hawatumii duka la Play, kuanzia Septemba 2026 katika Brazil, Indonesia, Singapore na Thailand, na nchi nyingine kuanzia 2027. Utaratibu huo utagusa moja kwa moja programu zinazorushwa kwa Xender. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Tanzania Mei 2023, inawabana wanaokusanya na kuchakata taarifa. Haimpi mnunuzi haki ya kuufungua wala kuubadili mfumo wa simu aliyoilipia.