Lugha ya Mfalme Edipode Jukwaani

Sophocles alipoitunga tamthilia ya Edipode katika karne ya 5 KK, Waathene waliisikia kwa Kigiriki chao wenyewe. Mwaka 1927, jijini Paris, Stravinsky aliionyesha kama opera-oratorio ya Kilatini: Cocteau aliandika kwa Kifaransa, Daniélou akatafsiri. Mtunzi alitaka lugha iliyoganda, isiyo ya sokoni wala ya nyumbani. Hata hivyo, aliwekwa msimulizi wa kuieleza hadhira kisa kwa lugha inayoielewa. Yaani, utukufu wa Kilatini ulihitaji mkalimani. Samuel Mushi alishika njia nyingine, na kwa maoni yangu iliyo ngumu zaidi. Katika tafsiri yake, Mfalme Edipode, mfalme anayemsaka mwuaji (kumbe ni yeye mwenyewe) huwahoji mashahidi kwa Kiswahili. Hapo hapahitajiki msimulizi: kinaya humfikia msikilizaji kabla Edipode hajakitambua.