Lie, Lay na Kauli ya Kutendesha

Mwalimu wa Kiingereza akifika kwenye vitenzi vinavyochanganywa, aghalabu huandika jozi ubaoni: lie na lay, sit na set, rise na raise, fall na fell. Wanafunzi hukariri, mtihani hupita, makosa hubaki. Nadai kwamba jozi hizo ni masalia ya kauli ya kutendesha, kauli ambayo mzungumzaji wa Kiswahili huitumia kutwa kucha, na kwamba zifundishwe hivyo.

Katika lugha iliyozaa Kiingereza na Kijerumani, kitenzi kilipewa maana ya kusababisha kwa kiambishi chenye sauti ya y. Kiambishi hicho kiliigeuza irabu ya mzizi, kisha chenyewe kikamezwa. Ndiyo maana Kiingereza cha Kale kilikuwa na licgan, kulala, na lecgan, kulaza. Sittan, kuketi, na settan, kuketisha. Drincan, kunywa, na drencan, kunywesha. Hicho cha mwisho ndicho drench cha leo, ambacho wengi hukijua kwa maana ya kulowesha chapachapa, ingawa madaktari wa mifugo wangali wakikitumia kwa kumnywesha mnyama dawa. Raise kilitoka kwa Waskandinavia, lakini nasaba yake na rise ni ileile.

Kiswahili nacho kimepita njia hiyo. Lala huzaa laza, waka huzaa washa, kumbuka huzaa kumbusha. Irabu ya kutendesha ya Kibantu cha kale iliibadili konsonanti iliyoitangulia, halafu ikatoweka. Kovu la Kiingereza liko kwenye irabu, letu kwenye konsonanti. Ila sisi tungali tunanyambua vitenzi vipya kwa -isha na -esha. Kiingereza kiliacha zamani, kikabakiwa na jozi chache ambazo hata wenyewe huzichanganya.

Mwanafunzi anayejua kwamba huwezi kusema "nimelala mtoto kitandani" tayari anaijua kanuni ya lie na lay. Penye yambwa pana lay.

Kinachobaki kigumu ni maumbo ya njeo. Wakati uliopita wa lie ni lay, sawasawa na wakati uliopo wa kile kingine. Mshairi Byron mwenyewe, katika sehemu ya nne ya shairi lake Childe Harold iliyotoka mwaka 1818, aliandika lay mahali pa lie, na kina chake kikakaa sawa. Hapa kukariri hakukwepeki: lie, lay, lain; lay, laid, laid.

Kiswahili huponza pia. Tunasema "nimeazima kalamu kwake" na papo hapo "niazime kalamu", kitenzi kimoja kwa anayepokea na anayetoa. Matokeo yake ni borrow kutumika palipostahili lend, kosa ambalo mwalimu hulisahihisha mwaka mzima bila kugusa chanzo chake. Angeanza na kopa na kopesha, ambako mpaka uko wazi, kisha akaieleza azima kama kighairi.

Waandishi wa vitabu vya kidato cha kwanza wanaogopa Kiswahili kwenye somo la Kiingereza, kana kwamba kitalichafua. Katika sura ya vitenzi, woga huo unawanyima wanafunzi maarifa waliyokuja nayo kutoka nyumbani. Sura hiyo iandikwe upya.