Kipakatalishi Kilipoachana na Waya

Msomaji mwema, ukimwona mwanafunzi ameketi chini ya mwembe, amepakata kompyuta yake na kusoma habari zitokazo ng'ambo ya bahari, huenda ukadhani kwamba jambo hilo lilizuka siku moja. Sivyo. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki kilijazwa kwa muda wa miaka karibu thelathini.

Mwanzo wake uko katika visiwa vya Hawaii. Huko Norman Abramson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hawaii walitaka watu wa visiwa mbalimbali wapate kuitumia kompyuta kubwa iliyokuwa Honolulu, wala nyaya za simu za siku zile hazikuwatosheleza. Basi mwezi wa Juni 1971 wakaanzisha mtandao wa redio ulioitwa ALOHAnet. Tatizo lao lilikuwa hili: mashine mbili zikinena kwa wakati mmoja, maneno yao hugongana hewani yakapotea. Wakaweka kanuni kwamba mashine isiyopata jibu ingoje kidogo kwa muda wa kubahatisha, kisha itume tena. Ni adabu ile ile ya barazani: wawili wakianza kusema pamoja, hunyamaza wote, kisha mmoja hutangulia.

Wakati huo kompyuta yenyewe haikubebeka. Mwaka 1981 ikatokea Osborne 1, iliyochukulika mkononi kama sanduku la safari. Walakini uzito wake ulikaribia kilo 11, tena ilitaka umeme wa ukutani.

Wepesi na redio vilikutana mbele ya macho ya watu tarehe 21 Julai 1999, mjini New York. Steve Jobs wa kampuni ya Apple alikishika kipakatalishi kiitwacho iBook, kikiwa kimefunguka intaneti, akakipitisha ndani ya pete kubwa ili kila mtu aone kwamba hapakuwa na waya. Watu wakashangilia.

Lakini tumfuate mnunuzi hadi nyumbani kwake. Alikuwa ametoa dola 1,599, na mtandao ule hakuwa nao bado! Ilimpasa kununua kadi ya redio kwa dola 99, na kituo cha kurushia mawimbi kwa dola 299; jumla dola 1,997. Kisha aliinua kibodi, akaitia kadi mahali pake, akaiunganisha na uzi mwembamba wa eriali iliyofichwa mwilini mwa chombo. Chini ya kibodi hiyo hiyo palikuwa na nafasi ya kuongezea kumbukumbu, maana megabaiti 32 alizouziwa zilikuwa chache. Na kile kituo? Kilichomekwa katika waya wa simu ukutani.

Hapo pana mafunzo mawili. La kwanza, waya haukutoweka, ila ulisogezwa mbali na macho. Sisi wa Kenya twalijua jambo hilo, kwani mpaka mwaka 2009, nyaya za TEAMS na SEACOM zilipofika Mombasa kwa njia ya bahari, intaneti yetu ilitegemea setilaiti, nayo ilikuwa ghali na ya polepole. Mawimbi ya darasani hayana nguvu pasipo waya ule ulio chini ya maji.

La pili, mnunuzi yule aliweza kukifungua chombo chake na kukiongezea uwezo kwa mikono yake mwenyewe. Siku hizi vipakatalishi vingi vimetiwa kumbukumbu iliyoganda kwa risasi ya kulehemia, isiyong'oka wala kuongezeka. Kilichopungua leo kitapungua daima. Kwa hiyo, siku utakapokwenda dukani kununua chako cha kwanza, usiulize bei peke yake. Uliza pia: je, chafunguka?